Picha za Mgeni kwenye Dirisha la Wazazi

Asifiwe Mungu, aliyeiita nuru ikawa kabla hajaumba jicho la kuiona. Yeye hasahau. Sisi ndio tunaosahau, naye kwa huruma yake ametuachia vitu vidogo vya kukumbukia. Amenifikisha siku ya kukabidhi funguo nikiwa na akili zangu na magoti yangu ya kupigia, hata kama moja linalalamika. Namshukuru kwanza, ndipo nianze.

Ninyi mnaobaki katika ofisi ya utamaduni hapa Sumbawanga mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Vilikuja kwa wakati wake, na vingine vilipotea njia. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, ya kukusanya na kutunza picha za zamani zilizopigwa na watu tusiowajua. Wageni walipita Ufipa, mapadre, wapima ardhi, mabwana shamba, wanunuzi wa ng'ombe. Walituelekezea vyombo vyao vya miguu mitatu, wakaenda zao. Picha nyingi walikwenda nazo. Zilizobaki ndizo zilizokuwa kazi yangu, na ndizo zilizoninyima raha miaka yote ile.

Nilianza muda si mrefu baada ya Azimio la Arusha. Mkubwa wangu alikuwa Ndugu Ambakisye, mtu wa Rungwe, Mmoraviani mwenye sauti ya besi, aliyeletwa Ufipa kwa muda mfupi akazeekea hapa. Lakini aliyenifundisha kazi ni Mzee Oskar, aliyekuwa sakristani wa misheni, mtunza vyombo vya ibada, tangu ujana wake. Padre mmoja mpenda picha alikuwa amemzoeza kushika vioo. Maana zamani picha haikuanzia kwenye filamu ya kukunja kama leo. Ilianzia kwenye kioo kilichopakwa dawa upande mmoja. Mwanga ukiingia, dawa ile inashika sura za watu, lakini kinyume: cheusi kinakuwa cheupe na cheupe kinakuwa cheusi. Kutoka kwenye kioo ndipo picha ya karatasi inapatikana, moja au mia. Kioo ni mama, karatasi ni watoto.

Siku ya kwanza nilimkuta stoo, ameketi kwenye kigoda mbele ya kabati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mikono umenawa?"

"Nimenawa."

"Kanawe tena. Umeshika mlango."

Nilinawa. Nikakausha mikono kwa gauni langu, akanirudisha tena. Mara ya tatu akanipa kioo, akaniambia nikishike kwa kingo tu, kama padre anavyoshika hostia, na nimwambie upande wa picha ni upi. Sikujua. Akanionyesha: unakipulizia pumzi taratibu. Upande wa kioo kitupu unaweka ukungu, upande wa dawa unabaki vile vile. Kisha akanionyesha kuvisimamisha kama vitabu rafuni badala ya kuvilaza, kwa sababu vya juu huvunja vya chini. Kuvifuta vumbi kwa unyoya wa kuku, kamwe si kwa maji. Na kuweka kopo la mkaa mkavu katika kila kabati ili mkaa unywe unyevu. "Picha haiogopi uzee," aliniambia. "Inaogopa maji, panya na mtu mwenye haraka." Alipofariki nilirithi kigoda chake na unyoya wake. Unyoya ulikuwa umekwisha nyuzi, lakini sikuthubutu kuutupa.

Mimi ni mtu wa wasiwasi kwa maumbile. Masista walionilea walinifundisha kuukabidhi wasiwasi kwa Mungu kila asubuhi, nami niliukabidhi, kisha jioni nikaenda kuuchukua tena. Mvua ya kwanza ikipiga bati, wenzangu walifurahia mahindi yao. Mimi niliwaza lile tundu la msumari juu ya kabati. Nikisikia panya nyumbani kwangu, mtaani Malangali, nilimsikia kama yuko ofisini. Msinicheke. Kazi hii haijapata mtunzaji mzuri aliyelala usingizi mzito.

Kukusanya kulinipeleka vijijini, na huko mtoto wa shule hadi kikongwe waliniita Mama Picha. Nawaachia jambo moja mlishike. Ukifika na picha ya zamani kuuliza waliomo ni nani, usimwonyeshe kijana kwanza, hata kama yeye ndiye anayejua kusoma na aliyekuzoea. Kijana akishataja jina, mzee wa Kifipa hatamkosoa mbele ya mgeni. Atanyamaza kwa adabu, na wewe utaandika uongo kwa penseli safi. Piga goti, toa kwa mikono miwili, mpe mkubwa wa nyumba, kisha kaa kimya. Kimya ndicho kinacholeta majina. Na andika kwa penseli nyuma ya karatasi, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya ukatokea usoni mwa mtu.

Ikaja miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu walisogezwa kutoka mabondeni na vilimani wakaishi pamoja kando ya barabara, karibu na shule na kisima. Sitasema hapa yapi yalikuwa mema na yapi machungu. Kila nyumba ina hesabu yake mbele za Mungu. Nasema tu kwamba mtu anayehama hubeba mbegu, sufuria, majembe na wagonjwa. Picha ya ukutani habebi. Nilizunguka kwenye nyumba zilizoezuliwa nikikuta nyuso zimenyeshewa, nyingine zimeliwa na mchwa kuanzia miguuni. Nilikuwa nimechelewa karibu kila mahali. Hofu ya kuchelewa ikawa ugonjwa wangu.

Ndipo alipokuja Ortensia. Tulisoma pamoja kwa masista. Yeye akawa mkunga katika kijiji kipya njia ya Namanyere. Alikuwa amekuja mjini kuchukua dawa, akapita kwangu kunywa uji.

"Dada, kwetu kuna mizimu dirishani," aliniambia, na kabla hajamaliza alikuwa ameshaanza kucheka.

Kijiji chao kilikuwa kimejenga zahanati kwa mikono yao wenyewe. Tofali walichoma, bati walipata, mbao walipasua. Vioo vya madirisha havikuwapo duka lolote la mkoa. Familia moja ikatoa kama mchango wao sanduku la mbao lililojaa vioo, mali ya kale iliyokuwa darini mwao juu ya jiko, mahali Wafipa wanapoweka mbegu ili moshi uzilinde. Fundi Gaudensi, seremala wa kijiji, aliviona ni vioo vizuri ila vimeshika moshi. Akapachika vichache katika chumba cha wazazi, vingine akaviacha sandukuni.

"Sasa mama wa kwanza amelala pale akisubiri uchungu," Ortensia akaendelea. "Jua linachomoza. Anafungua macho, anaona watu wanamtazama dirishani. Nyuso za majivu, nywele nyeupe, meno meusi! Alitoka mbio na mimba yake mpaka kwa mama mkwe. Kazalia huko huko. Wa pili hata mlango hakuvuka."

"Nyuso," nikasema. "Kwenye kioo."

"Kwenye kioo. Mwenyekiti ameagiza vyote vibanduliwe, vioshwe kwa maji ya moto na majivu mpaka ving'ae."

"Lini?"

"Nilipoondoka, fundi alikuwa anatafuta kuni."

Yeye alikuwa bado anacheka. Mimi nilikuwa nimeshasimama natafuta viatu.

Ndugu Ambakisye aliniambia Landrova ipo lakini petroli haipo, na petroli ikipatikana ni ya mkutano. "Sanduku limekaa miaka yote hiyo, Mama. Litakimbilia wapi?"

"Halikimbii, Ndugu. Linaoshwa."

Akanitazama, akaandika ruhusa pale pale. Nilipata lori la mahindi. Njia nzima matope, na kila lilipokwama niliteremka nikasukuma pamoja na wanaume, mkono mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye rozari. Dereva aliniuliza kama ninawahi msiba. Nikamwambia bado sijajua.

Kijiji kilikuwa katikati ya mashamba ya ulezi. Nilipofika uwanjani mwa zahanati niliona pipa la maji likitoa mvuke, na mbele yake vioo vimeegemezwa ukutani kukauka. Vilikuwa safi kabisa. Viling'aa, na ndani yake hamkuwa na chochote. Sijui mtu mwingine angeona nini pale. Mimi niliona makaburi yaliyofunguliwa. Kisha nikasikia mabishano, nikageuka.

Bibi kikongwe alikuwa ameketi juu ya sanduku la mbao, kanga imefungwa kichwani, fimbo magotini. Macho yake yalikuwa na utando wa mtoto wa jicho, moja limefunikwa karibu lote. Mbele yake alisimama mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Desderi, na nyuma ya mwenyekiti fundi Gaudensi mwenye majivu mpaka viwikoni.

"Bibi, nakuomba inuka. Kazi ya kijiji imekwama."

"Niinue wewe."

"Mimi nikuguse wewe, bibi? Si nitalaaniwa?"

"Basi keti na wewe tupumzike. Umesimama tangu asubuhi."

"Maji yanapoa," fundi akanung'unika.

"Yanywe," bibi akamjibu.

Nilipiga goti. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," wakaitika wote watatu, na ugomvi ukatulia kidogo, kama inavyopasa.

Nilipojieleza, bibi alinishika mkono hakuuachia. Aliitwa Bibi Anyesi. Enzi za Mjerumani, yeye akiwa mtoto mdogo sana, mgeni mpima ardhi alikaa kwa baba yake msimu mzima. Aliwapiga picha watu wa nyumba ile na majirani. Vita vilipokuja akaondoka kwa haraka, akamwachia baba yake sanduku, akisema atalirudia. Hakurudi. Baba alilitunza kwa sababu mali ya mgeni hailiwi, akafa akiwausia wanawe walitunze. Hakuna aliyejua kilichomo ni picha. Kwao picha ilikuwa karatasi. Ndiyo maana wajukuu walipoona vioo visivyo na mwenyewe wakavitoa kwa kijiji, na yeye hakuwazuia.

"Waliposema kuna watu dirishani," akasema, "ndipo nilipojua ni akina nani. Baba aliniambia mgeni alitupiga picha sote. Mama yangu yumo. Mama alikufa akijifungua mdogo wangu, na mdogo wangu akaenda naye. Uso wake siujui. Waliomjua wamekwisha. Nimebakiza jicho moja, nalo linafungwa kama mlango jioni. Nitafutie mama yangu kabla halijafungwa."

"Ni kioo kipi, bibi?"

"Ningejua ningekalia sanduku zima?"

Nikaangalia vile vioo vilivyong'aa ukutani. Yeye pia aligeuzia uso huko, ingawa sidhani aliviona.

Ndugu Desderi hakuwa mtu mbaya, na msimsome hivyo. Alinivuta pembeni. "Mama, sikia. Vile vilivyooshwa ni vichache, havifiki nusu ya madirisha; la wazazi nimeliziba kwa gunia. Kipupwe kinakuja, na wewe unajua upepo wa hapa juu. Watoto wanazaliwa uchi kama mimi na wewe. Unataka niwaambie mama zao wavumilie baridi kwa sababu ya picha za marehemu?"

"Nitawaletea vioo vingine."

"Kutoka duka gani?"

Nikamwambia, "Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini mimi ndiye ninayeulizwa mkutanoni." Akafikiri. "Chukua. Upepo ukianza na vioo hujaleta, hivi vinarudi, na utaviosha wewe mwenyewe, kwa mikono yako hiyo hiyo."

Nikakubali mbele ya fundi na Bibi Anyesi. Sikujua ninaahidi nini. Tulipanga vioo vilivyosalia kwa kutenganisha na maganda makavu ya mahindi, nikalipakata sanduku mpaka Sumbawanga. Kila shimo la barabara nililisikia mifupani.

Sasa hofu yangu ilikuwa na vichwa viwili. Cha kwanza kilikuwa vioo vya dirisha. Nilizunguka mji mzima, maduka ya umma na ya watu binafsi, mpaka kwa fundi wa makabati. Hakuna. Mmoja alinionyesha kipande cha kioo cha kujitazamia akaniuliza kama kitafaa. Nikamwambia wazazi wameshatishwa vya kutosha.

Cha pili kilikuwa mama yake Bibi Anyesi. Ofisini tulikuwa na pakiti moja ya karatasi za picha, imepita muda wake, na dawa kidogo chupani. Nilianza kwa kusafisha masizi kwa unyoya, kioo kimoja kimoja. Moshi ule wa jikoni uliovichafua ndio uliovilinda. Hapakuwa na ukungu wala alama ya mdudu. Kisha nikaziba madirisha ya stoo kwa mablanketi, nikakandamiza kila kioo juu ya karatasi, nikawasha taa kwa muda wa kusali Baba Yetu, nikazima, nikatia karatasi katika dawa. Mnaotumia vyumba vya kisasa hamjui ule wasiwasi wa kungoja karatasi nyeupe ianze kuwa na watu. Wakati mwingine ilianza na macho. Wakati mwingine haikuanza kabisa, karatasi imekufa, nami nilihesabu hasara nikaanza upya.

Wakatokea. Wanaume wameshika mnyororo wa kupimia, wamekakamaa kama wanaokula kiapo. Tanuru refu la kufulia chuma, na wahunzi pembeni wakiligeuzia mgongo chombo cha mgeni. Ng'ombe asiyetulia, mwenye vichwa viwili. Wanawake wenye vikapu vya ulezi. Mwanamke peke yake mlangoni. Mwanamke mwingine na mtoto mdogo. Wanawake watatu kisimani. Yupi ni mama wa mtu? Nilizitazama mpaka zikaanza kunitazama. Na kila nilipofumba macho niliona vile vioo safi vimeegemea ukutani. Kama alikuwa katika mojawapo, basi ameshamwagwa chini pamoja na maji ya majivu, na mimi nitampelekea mtoto wake wanawake wa watu wengine.

Asubuhi moja niliamka nikasikia mabua yanasugua ukuta wa nyumba. Upepo ulikuwa umeanza. Nilikwenda ofisini nikasimama katikati ya chumba, sina la kufanya. Ndugu Ambakisye alinikuta nimetazama ukuta. Ukutani tulikuwa na maonyesho yetu, picha nilizokuwa nimezikusanya tangu mwanzo, kila moja katika fremu, kila moja na kioo chake.

"Usiseme," akasema.

"Sijasema, Ndugu."

"Naona unavyofikiri. Zitaingia vumbi."

"Zitaingia vumbi."

Alizunguka chumba polepole, akagusa fremu moja kama mtu anayeaga. "Chukua. Ila ile moja ya juu ya meza yangu, ya kiongozi wa nchi, usiiguse."

"Najua."

"Hapana. Sema umesikia."

"Nimesikia, Ndugu."

Tulizivua wote wawili, yeye akiimba besi kwa chini. Nilifunga vioo vile katika blanketi. Nikafunga picha za karatasi. Na kwa sababu sikuiamini karatasi iliyopita muda wake, nikaogopa sura zitafifia njiani kabla bibi hajaziona, nilichukua pia vile vioo vya kale vyenye wanawake. Ni wasiwasi wangu uliovipeleka, si kitu kingine.

Kwenye daraja la miti lori liliruka, nikasikia mlio mdogo ndani ya blanketi. Kioo kimoja cha fremu kilikuwa kimepasuka vipande.

Fundi Gaudensi alivikata vingine kwa ukubwa wa madirisha, akavipachika. Pamoja na vile vilivyooshwa vilitosha, isipokuwa tundu moja, katika chumba cha wazazi, juu ya kitanda. Upepo ulipita hapo ukipiga filimbi. Ndugu Desderi alikuja, akatazama lile tundu, akanitazama mimi.

Bibi Anyesi aliletwa akakalishwa juani, ubavuni mwa jengo. Nilipiga goti nikampa picha za karatasi moja baada ya nyingine. Alizileta karibu kabisa na jicho lake, akizihamisha kushoto na kulia kama mtu anayetafuta sindano. Wa kisimani akawarudisha. Wa vikapu akawarudisha. Mmoja alimtambua kwa pua, akasema huyo ni shangazi, alikuwa mchoyo. Wa mlangoni akamtazama muda mrefu, kisha akamrudisha. "Huyu angekuwa yeyote," akasema.

Ikabaki ya mwanamke na mtoto. Mwanamke huyo ameketi chini, miguu ameinyosha, anatazama mbele bila woga. Mtoto yuko mapajani. Uso wa mtoto hauonekani, kwa kuwa mama amemfunika macho kwa kiganja chake, vidole vimetanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimeihesabu kuwa ni picha iliyoharibika.

Bibi Anyesi aliitazama. Jicho lake likaenda kwenye kile kiganja, likabaki hapo.

"Mtoto huyu hana uso," nikasema, nikiomba radhi.

"Anao. Umefichwa." Akaishika picha kwa mikono miwili. "Mwanangu, mimi nina kumbukumbu moja tu ya utotoni ambayo sijapata kumwambia mtu, kwa sababu niliona ni ndoto ya homa. Giza. Giza jekundu, lina joto, lina harufu ya unga wa ulezi. Na sauti juu yake inasema, hakiumi, hakiumi. Maisha yangu yote sikujua lile giza lilikuwa nini." Akakigusa kile kiganja kwa kidole kimoja. "Kumbe ulikuwa mkono."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na fundi Gaudensi akaenda kushughulika na nyundo isiyokuwa na kazi. Bibi alimtazama mama yake mpaka jua likasogea, tukamsogeza naye. Kisha akauliza, "Ndani mbona kuna mluzi?"

Ortensia akamweleza habari ya tundu.

"Na kioo chenyewe cha mama, kile chenye dawa, kiko wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Kilikuwa kikapuni mwangu, chini ya kanga. "Ninacho hapa, bibi."

"Kinaenea pale?"

Fundi alishapima kwa macho. "Kinaenea."

"Bibi," nikasema, "kile ndicho asili. Karatasi hii itafifia. Kioo kikikaa dirishani, unyevu wa mvua utakibandua dawa polepole, na hakuna kingine duniani."

"Mama alikufa msimu kama huu, katika nyumba iliyopitisha upepo. Alikuwa na kiganja kimoja cha kuniziba mimi, hakuwa na cha kujiziba mwenyewe. Mwekeni pale. Msimwoshe."

Ortensia akatikisa kichwa. "Bibi, watakimbia tena. Na wakijua huyo dirishani alikufa akizaa, hapa hataingia mtu."

"Usiwaambie alivyokufa," Bibi Anyesi akasema. "Waambie alivyonifumba macho nisiogope."

Kila nilichofundishwa na Mzee Oskar kilinikataza. Maji, panya, haraka. Na hapa nilikuwa nakitoa kioo kwa mvua kwa hiari yangu. Lakini kilikuwa cha nani? Mgeni hakurudi. Ofisi haikuwa imekitunza siku hata moja. Mtoto wa aliyemo ndani alikuwa hai mbele yangu, anajua anachoomba. Nikakitoa kikapuni, nikakishika kwa kingo, nikampa fundi. Tulikipachika upande wa dawa ukiwa ndani, tukaziba kingo kwa nta ya nyuki. Nilimwapisha Ortensia asikipitishie kitambaa chenye maji, unyoya tu.

Siku zilizofuata Bibi Anyesi aliletwa kila asubuhi akaketi chini ya dirisha lile. Mzazi akiingia na kushtuka, aliambiwa, "Usiogope, huyo ni mama yangu, na anayefichwa uso ni mimi hapa." Wengine walicheka, wengine walisali. Wakazaa. Jicho lake lilifungwa kabla ya mavuno, naye aliendelea kuja.

Nilikwenda kukikagua kila baada ya masika, mwaka hadi mwaka, na kila mara nilishuka kwenye lori rozari mkononi. Pembe ya chini imeanza kubanduka. Miguu ya mama haipo tena. Kiganja bado kipo. Mara ya mwisho nilimkuta msichana mgeni wa kijiji amelala pale, uchungu umemshika, analitazama dirisha. Akamwuliza Ortensia, "Nesi, yule nani?"

"Mama yake Bibi Anyesi. Anamziba mtoto macho."

"Kwa nini?"

"Kitu cha kutisha kilikuwa kinapita. Haya, pumua."

Na yule msichana akapumua, macho yake kwenye kioo.

Mrithi wangu, ufunguo wa kabati ni ule wenye uzi mwekundu, na baada ya masika nenda wewe ukakitazame. Nawe usomaye, yeyote uliye: pale hofu itakapokuzidi, Mungu akuwekee kiganja chake machoni, na akiondoe utakapokuwa na nguvu za kuona. Awalinde walio wako, wanaojulikana majina na wasiojulikana. Amina.